Mbwa Aliyeitwa Mtasema

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimesimama ndani ya uzio mmoja na mbwa wasiopungua kumi, wote wamefunguliwa minyororo, na nimerudi nyumbani mzima. Naandika hapa hapa dukani, mteja hayupo, mvua imefunga mlango. Nikimsimulia mtu kwa mdomo atasema Samira kachanganyikiwa.

Mambo yalianza Ramadhani, wezi walipotoboa ukuta wa ghala letu la mchele. Husseni, mume wangu, akaapa kwamba atafuga mbwa, na kweli akaletewa mmoja kutoka Kyela kwenye lori la mpunga. Mbwa kaja na jina lake, Bosi. Hajamaliza hata wiki mbili, Husseni akateleza kwenye matope nyuma ya ghala, kifundo kikavunjika. Sasa mguu umefungwa hogo la plasta mpaka gotini, yeye anashinda kwenye kiti, na Bosi anashinda kwenye mnyororo. Wote wawili wamekuwa wakali. Juzi Bosi kachana suruali ya mbeba magunia.

Akaja daktari wa mifugo, dada mmoja anaitwa Doreen, akamchoma Bosi chanjo ya kichaa cha mbwa, akamvika mkanda mwekundu shingoni. Akaniambia, "Mama Rukia, mbwa wenu hana ubaya, amechoka kufungwa. Mlete bustanini Jumamosi akimbie."

Nilidhani anatania. Kumbe sehemu ya chini ya bustani ya mji, kule kwenye mikaratusi, imezungushiwa wavu na mianzi, na watu wanapeleka mbwa wao huko wanawafungulia! Sharti ni mkanda mwekundu tu. Asiyechanjwa haingii. Doreen anasema tangu afungue uwanja huo watu wa Kawetele wanaleta mbwa wenyewe kuchanjwa, bila kubembelezwa, ili nao waje kucheza.

Nimeona mwanamke mzima anamfuta mbwa miguu kwa kanga. Nimeona mzee mwenye koti refu la mvua na gambuti anakata ndizi ya kuchoma, nusu anakula yeye, nusu anamtia mbwa mdomoni. Nikaduwaa. Mzee akageuka upande wangu, akapaza sauti:

"Mtasema! Mtasema!"

"Sijasema kitu, baba," nikamjibu. "Nimeangalia tu."

Watu wote wakacheka. Mtasema ni jina la mbwa.

Bosi sikumfungua. Nilimshika mnyororo mpaka tukatoka.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa.

Jumatano, 9 Aprili

Mama mkwe, Bi Shamsia, kaja bila taarifa. Kasimama barabarani na mwavuli wake, hataki kukanyaga uani.

"Nimesikia unamtembeza mbwa mjini kama mzungu."

"Mama, mbwa anakaa ghalani, haingii ndani. Na mimi nikirudi naosha."

"Unaosha mara ngapi?"

"Saba, mama. Na ya udongo imo."

Akanitazama mikono. Kisha akasikia Husseni anaita kutoka ndani, "Bosi! Bosi, tulia!" Masikini, alishika kifua. "Mwanangu ndiye wa kumwita mbwa bosi? Na yeye aitwe nani?" Kaondoka hata chai hakunywa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemfungua.

Nilipomvua ule mnyororo shingoni nilifumba macho nikasoma dua. Nilipofumbua, Bosi alikuwa amefika upande wa pili wa uwanja, anazunguka mikaratusi kama kitu kilichorushwa. Masikio nyuma, ulimi nje, matope yanaruka. Hakumuuma mtu wala mbwa. Alirudi akajitupa miguuni pangu akanitazama, na mimi Samira binti Muddy, niliyelelewa nikikimbia mbwa toka ng'ambo ya barabara, nikacheka mpaka machozi. Nimejishangaa. Bado najishangaa sasa hivi.

Yule mzee anaitwa Ambindwile. Anatoka Kawetele, analima ndizi na chai kidogo. Mkewe ni marehemu, watoto wako Dar wanapiga simu sikukuu. Mbwa wake ni wa kahawia, mfupi, miguu imepinda, na anazungumza naye Kinyakyusa kitupu. "Huyu Kiswahili hajui," kaniambia kwa uzito kabisa.

Nikamuuliza jina lile kalitoa wapi. Akavuta kola ya koti.

"Nina kaka yangu, Nsajigwa. Baba mmoja, mama mmoja. Tunapakana migomba. Baba yetu alipokufa akasogeza mpaka, au anasema mimi ndiye nilisogeza. Toka siku ya matanga hatusalimiani. Basi mimi nikafuga mbwa, nikamwita Mtasema. Kila jioni nikimwita, ujumbe unaruka ua unafika kwake."

"Na yeye?"

"Na yeye akafuga wa kwake. Unajua kamwita nani? Tumeshasema!"

Alicheka mwenyewe mpaka akakohoa. Anasema jioni wakiita mbwa wao majirani huzima redio wasikilize. Nimecheka, lakini njiani nikawaza: ndugu wawili wa tumbo moja, wanaongea kwa mbwa.

Jumatano, 16 Aprili

Husseni kaniuliza kwa nini Jumamosi naamka mapema kuliko siku ya gulio. Nikaenda kupima mchele.

Jumamosi, 19 Aprili

Nitaandika polepole.

Kesho ni Pasaka, kwa hiyo wenzetu walikuwa kwenye maandalizi, na mvua ilinyesha toka alfajiri. Uwanjani tulikuwa wawili tu, mimi na baba Ambindwile. Bosi nilikuwa sijamfungua, nimemfunga kwenye nguzo nikingoja mvua ipungue. Mtasema alikuwa katikati ya uwanja ananusa majani.

Nikaona kitu kinapita chini ya wavu, pale maji ya mvua yalipochimba. Mbwa wa rangi ya majivu. Hana mkanda. Alitembea upande upande kama mlevi, taya limelegea, mate yanamning'inia. Hakubweka. Hilo ndilo lililonitia baridi, hakubweka hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja akamkamata Mtasema sikio.

Baba Ambindwile alipiga kelele akakimbia na umri wake ule. Akaingiza mkono katikati yao. Yule mbwa akaliacha sikio, akaudaka mkono wa mzee chini ya kiwiko, akaung'ang'ania. Mimi nilikuwa na mwavuli tu. Nikampiga nao mpaka vyuma vikapinda. Akaachia, akatutazama kama haoni, akapita pale pale chini ya wavu akaelekea njia ya Lupepo.

Nikamshika Mtasema shingo asimfuate. Sikio lilikuwa limechanika, damu na mate vimechanganyika. Nikavua mtandio nikalifunga. Baba Ambindwile alikuwa amekaa kwenye matope, mkono wa koti ameushusha mpaka kwenye vidole.

"Twende hospitali, baba. Nampigia Doreen sasa hivi."

"Usimpigie."

"Baba, umeng'atwa! Mtasema kachanjwa, hana shida, lakini wewe..."

"Hajachanjwa."

Nikautazama ule mkanda mwekundu. Naye akautazama.

"Huu mkanda ni wa marehemu," akasema. "Nilikuwa na mbwa mwingine kabla yake. Nilimleta kwa daktari, akachomwa asubuhi, kesho yake nikamkuta amekufa mlangoni. Wanasema alikula sumu ya panya. Mimi niliona sindano, sumu sikuiona. Nikamvua mkanda nikauweka. Nikamvisha huyu."

Wiki zote hizo, mbwa wote wale, watoto wanaoingia kuwashika, na mkanda ni wa mbwa aliyekufa!

"Wakijua watamuua, mwanangu. Na mimi watanichoma sindano hiyo hiyo. Sina mtu mwingine nyumbani. Niapie kwamba hutasema."

Alikuwa analia, mvua na machozi havijulikani. Anasema "mfua", hasemi "mvua", na leo "mfua" ile imeniingia mwilini. "Mfua hii hii itaosha," alikuwa anasema huku akikinga kidonda. "Mfua itaosha."

Nikamwapia sisemi.

Nimerudi nimeosha mikono mara saba, sabuni na udongo, nikarudia tena. Husseni kauliza mtandio uko wapi. Nimesema upepo.

Jumapili, 20 Aprili

Kengele za Pasaka toka alfajiri. Sijala.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwona baba Ambindwile sokoni. Koti lile lile, mkono ndani ya mfuko. Nikamuuliza anaendeleaje. "Kimekauka. Ndaga fijo," akanishukuru, akanikabidhi mkungu mzima wa ndizi mbele za watu. Anaamini mimi ni mtu mwema. Zile ndizi nimeziacha nyuma ya mlango, sithubutu kuzimenya.

Alhamisi, 24 Aprili

Mchana Doreen kaingia dukani amelowa chapachapa. Hakukaa.

"Mama Rukia, nafunga uwanja. Jumatatu mbwa mmoja wa rangi ya majivu kaokotwa mtaroni Lupepo amekufa. Majibu ya kipimo yametoka leo. Ni kichaa. Napita kwa kila mtu. Wewe Jumamosi ulikuwepo, ulimwona?"

"Sikuona kitu," nikasema.

Mdomo ulijibu wenyewe. Akashukuru, akatoka, akawasha pikipiki yake. Nilibaki nimeshika kijiko cha kupimia mchele, mteja ananiita, simsikii. Nilikuwa nimeficha siri ya mzee. Sasa nilikuwa nimemdanganya daktari anayezuia kifo, uso kwa uso, na alinishukuru.

Nikaingia ndani nikamwambia Husseni kila kitu. Mbwa, mkono, mkanda wa marehemu, kiapo. Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Uso wake ulibadilika rangi, akasema polepole:

"Nionyeshe vidole vyako."

Sikujua hata kwa nini. Nikavinyoosha. Kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia, kuna mkato. Nilijikata nikimenya magimbi, Ijumaa ile, siku moja kabla. Na Jumamosi nikafunga lile sikio kwa mkono huo huo, mate yanachuruzika.

Yarabi. Sikuwaza. Siku zote hizi namlilia mzee wa watu, na mimi mwenyewe mlango uko wazi kwenye kidole changu! Nimempikia mwanangu Rukia, nimemsuka nywele, nimelala kando ya mume wangu.

Husseni alisimama kwa gongo, akachechemea na hogo lake mpaka barabarani kwenye matope yale yale yaliyomvunja, akapunga bajaji. Njiani alinishika kile kidole, hakukiachia.

Hospitali nesi akaniuliza maswali. Alisema kuosha vile kwa sabuni kumenisaidia sana, lakini sindano lazima, tena siyo moja. Nikamuuliza ugonjwa ukishaanza inakuwaje. Akaacha kuandika, akanitazama.

"Ukishaanza, dada yangu, hatuna dawa. Tunamshika mtu mkono tu. Ndiyo maana tunachoma kabla."

Nilipochomwa ya kwanza nikampigia Doreen. Alikuja akakuta nimekaa kwenye benchi, nikamwambia. Alikaa kando yangu.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe. "Nilisimama mbele yako nikakuuliza."

"Ulisimama."

"Mzee anakaa wapi?"

Giza limeshaingia na daraja la kwenda kwao limezidiwa maji. Tunaenda kesho kukipambazuka.

Ijumaa, 25 Aprili

Tulikuta mlango wa baba Ambindwile umefungwa kwa nje. Bakuli la mbwa limefunikwa. Ndipo upande wa pili wa migomba mtu akakohoa. Mzee mrefu, jembe begani, na mbwa mweusi miguuni. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Shikamoo, baba. Tunamtafuta mdogo wako."

"Mimi na huyo hatuna habari," akasema Nsajigwa. Kisha, kana kwamba mdomo umemponyoka: "Kaondoka alfajiri na mbwa wake na kapu. Kashika njia ya mkato ya Masukulu. Wajomba zetu wana kibanda shambani huko. Kwa nini anamkimbia huyo daktari? Jana alimwona anapita kwenye nyumba za watu, usiku wote taa yake haikuzimwa."

Doreen akamweleza. Mbwa wa kichaa, mkono, sindano ambayo hajachomwa.

Jembe lilianguka. Mzee yule alianza kutafuta gambuti zake barazani, akaivaa ya kushoto mguu wa kulia, akatembea hivyo hivyo hatua kadhaa ndipo akagundua. Sijawahi kuona mtu mzima anachanganyikiwa namna ile. Alitupita, akatangulia mbele. Njia nzima ya Masukulu, utelezi, mvua, mashamba ya chai yamefunikwa na ukungu, alikuwa mbele, na sisi wawili nusu ya umri wake tunamkimbilia.

Kibanda kilikuwa katikati ya migomba. Baba Ambindwile alikuwa amekaa kizingitini, Mtasema amemlaza mapajani. Aliponiona akasimama na panga.

"Uliniapia!"

"Nilikuapia, baba."

"Nilikupa ndizi! Nilikuita mwanangu! Nyie watu wa mjini, msikiti wala kanisa, wote mmoja! Ondoka nisije nikakufanya kitu!"

Nilirudi nyuma. Sijui kama angenikata. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Doreen akaanza kumweleza habari za ugonjwa, kwa upole, kwa maneno mepesi, na yeye anatikisa kichwa tu. "Sindano iliua mbwa wangu. Mtaniua na mimi mniite mgonjwa."

Ndipo Nsajigwa akapita katikati yetu. Alitembea mpaka mbele ya lile panga, akapiga magoti kwenye matope. Kaka mkubwa, mzee wa kanisa, mbele ya mdogo wake. Hata Doreen alishika mdomo.

Alisema kwa Kinyakyusa, na maneno mengi sikuyapata. Nilisikia jina la baba yao. Nilisikia neno la mpaka. Mwisho Nsajigwa akahamia Kiswahili, nadhani ili na sisi tuwe mashahidi:

"Chukua migomba. Sogeza mpaka hadi mlangoni kwangu ukitaka. Lakini ukifa, Ambindwile, mimi nitagombana na nani? Wote waliotujua wamekwisha. Nimebaki na wewe tu wa kunichukia."

Panga lilishuka polepole.

"Na huyu?" akauliza, anamwonyesha Mtasema. "Watamuua."

Doreen hakuficha. Alisema utaratibu wa mbwa aliyeng'atwa bila chanjo ni kumlaza kwa sindano asiamke tena. Nsajigwa akamkatisha. "Nina banda la nguruwe, tupu, la matofali, lina mlango wa chuma. Akae humo. Asiguswe na mtu. Nitamlisha mimi kwa kijiti kirefu. Daktari aje kila siku. Akiugua, tutajua. Asipougua, atatoka." Doreen alifikiri sana, akakubali, lakini akasema Mtasema asiguswe tena na mkono wa mtu kuanzia dakika ile.

Baba Ambindwile alimvua mkanda mwekundu, akampa Doreen. Kisha akakunja mkono wa koti. Nilipokiona kile kidonda nililazimika kugeuka.

Tuliposhuka hospitali alinipita mlangoni. Nikamwambia, "Pole, baba."

"Sikujui," akasema.

Jumamosi, 26 Aprili

Bi Shamsia alikuja asubuhi na chupa ya uji wa ulezi. Hakuniuliza kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanimiminia, akanishikia kikombe mpaka kikaisha, kana kwamba mimi ndiye niliyevunjika mguu. Baadaye nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama mbali na ghala, mwavuli mkononi, anaisukuma sufuria ya ugali kwa mguu kumwelekea Bosi. "Kula, Bosi," nikamsikia. Nikadhani homa ya sindano imeanza kunichanganya.

Jumapili, 27 Aprili

Sindano ya pili. Baba Ambindwile yupo kwenye benchi, kakaa mwisho kabisa. Ananitazama kama ukuta.

Alhamisi, 1 Mei

Ya tatu. Leo kaja na Nsajigwa. Nsajigwa alinisalimia, mdogo wake akamvuta mkono wa shati.

Alhamisi, 8 Mei

Ya nne. Mvua imepungua, baridi imeanza. Doreen kaniambia Mtasema anakula vizuri, anabweka, sikio limepona. Amechanja mbwa wengine wengi wiki hii, watu wamejaa hofu. Akasema tena, hakunitazama: "Wewe ulichelewa kusema. Lakini ulisema." Sijui kama ni msamaha. Nimeupokea hivyo hivyo.

Jumatano, 14 Mei

Nimepita Kawetele kupeleka mchele wa msiba, nikasimama nyuma ya ua nisionekane. Nsajigwa alikuwa kwenye mlango wa banda, anasukuma chakula kwa kijiti. "Mtasema," anaita, kwa sauti ya chini, sauti ya kubembeleza. "Mtasema, kula." Na ndugu yake kakaa juu ya kinu kando yake, wanabishana chumvi imezidi au haijazidi. Nimeondoka moyo umejaa. Nimeanza kuamini mbwa yule atatoka.

Alhamisi, 22 Mei

Hatatoka.

Doreen alinipigia asubuhi. Alisema sina lazima ya kuja, lakini ameona nijue. Nikaenda.

Juzi Mtasema aliacha kula. Jana sauti yake ilibadilika, si kubweka tena, ni kama mtoto anayelia akiwa mbali. Leo nilipofika alikuwa anazunguka ndani ya banda, anagonga ukuta, anageuka, anagonga tena. Taya limelegea. Ni yule yule mbwa wa majivu, sura moja, mate yale yale. Nilisimama nikahisi kidole changu kinawaka moto.

Baba Ambindwile alikuwa kwenye ule mlango wa chuma. Akamwita. Kwa Kinyakyusa, kwa upole, kama siku ile ya ndizi. Mtasema akasimama. Akageuza kichwa. Kwa muda mfupi nilidhani amemtambua, na mzee alidhani hivyo pia, kwa sababu alitabasamu. Kisha mbwa akaruka akakamata chuma cha mlango kwa meno, akakitafuna, meno yanakatika, damu inatoka, na anaendelea kutafuna pale pale uso wa bwana wake ulipokuwa.

Mzee alianguka chali. Nsajigwa akamdaka.

"Huyo siye," baba Ambindwile akawa anasema. "Huyo siye. Mtasema wangu yuko wapi? Huyo siye."

Akasema hivyo mara nyingi. Kisha akautazama mkono wake, makovu mawili chini ya kiwiko. Akaugeuza huku na huku. Nikaona jambo linaingia kichwani mwake, niliona kwa macho yangu: kwamba kilichomo ndani ya banda kilikuwa kimeingia na kwake pia, kwenye mkono ule, siku ile ile.

"Ndivyo ningekuwa?" akamuuliza Doreen.

Doreen alikuwa anajaza sindano ya kumlaza Mtasema.

Nsajigwa alichimba shimo refu mwenyewe. Lilichimbwa pale pale kwenye mpaka, kati ya migomba ya huyu na ya yule, na hakuna aliyeuliza liko upande wa nani. Mimi nilikaa mbali. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniita.

Ijumaa, 23 Mei

Sikufungua duka.

Jumatatu, 2 Juni

Ukungu siku nzima. Husseni kafunguliwa hogo, mguu umekuwa mwembamba kama wa kuku. Amemtembeza Bosi mwenyewe mpaka kona.

Jumamosi, 14 Juni

Uwanja umefunguliwa leo. Wavu umechimbiwa chini na mawe. Wanasema foleni ya chanjo ilifika barabarani. Mimi sikwenda, nilimwachia Husseni. Nilibaki dukani, napepeta mchele nisifikirie.

Kikaingia kivuli mlangoni. Baba Ambindwile. Bila koti, mara ya kwanza namwona bila koti, shati la mikono mifupi katika baridi yote hii, makovu yako nje kila mtu ayaone. Nikaweka ungo chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hakuketi. Alitazama magunia, akatazama dari.

"Nimetoka kule uwanjani," akasema. "Daktari kaniomba niwaonyeshe watu mkono. Nimewaonyesha. Kuna mmoja alikuwa amekataa sindano, kakubali." Akaweka mkono juu ya gunia. "Nimekuja kukuambia kitu, Mama Rukia. Kingekaa tumboni kingenioza."

"Niambie, baba."

"Mimi nilikuamini, nawe ulinivunjia kiapo. Ungenyamaza, sasa hivi ningekuwa nimekufa kama mbwa wangu, na mpaka dakika ya mwisho ningekuwa nakusifu. Hukunyamaza. Nimeishi. Na hasira yangu juu yako imeishi pamoja na mimi. Kila asubuhi naamka nayo. Najua umeniokoa, na bado nina hasira. Sijui nitaishi nayo mpaka lini."

Nikayatazama makovu yale, kisha nikamtazama usoni.

"Ishi nayo, baba," nikamwambia. "Ishi nayo miaka mingi."